Beringi Iliyoganda: Namna ya Kuitoa Bila Pula wala Presi

Beringi ya gurudumu hufungwa ili isitoke. Tundu linaloipokea huchongwa likiwa dogo kuliko pete yake ya nje kwa sehemu chache za mia za milimita, na kiwandani pete hiyo husukumwa humo kwa presi ya tani kadhaa. Tofauti hiyo isiyoonekana kwa macho ndiyo inayoizuia pete isizunguke ndani ya nyumba yake gari linapokimbia. Kisha miaka hupita. Maji ya madimbwi hupenya sili, grisi huchanganyika na vumbi, na kutu huota kati ya pete na nyumba. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo kila masika pete huzidi kubanwa; na kwa magari ya Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya bahari huiharakisha kazi hiyo. Siku gurudumu linapoanza kuvuma na kucheza, beringi huwa imeshika kuliko ilivyoshika siku ilipofungwa.

Karakana kubwa zina presi ya haidroli na seti nzima ya pula. Gereji nyingi za Afrika Mashariki zina jeki, nyundo, tindo, seti ya soketi na jirani mwenye grainda au mashine ya kuchomelea. Vifaa hivyo vinatosha kwa beringi nyingi za magari madogo, pikapu na pikipiki, mradi anayevishika ajue kwanza ni pete ipi iliyoganda na nguvu ipitie wapi.

Beringi ina pete mbili, ya nje na ya ndani, na katikati yake gololi au rola zilizopangwa ndani ya kizimba. Pete ya nje hukaa ndani ya nyumba. Ya ndani huvaa shafti au shingo ya habu. Kanuni ya kazi yote inatokana na umbo hilo: husukumwa pete iliyoshika, na si nyingine. Ikiwa pete ya nje ndiyo iliyoganda, na fundi akapiga ya ndani, nguvu yote italazimika kupita kwenye gololi. Kama beringi ilikuwa nzima, gololi zitaacha vishimo kwenye njia yake na beringi itaanza kuvuma mara tu gari litakaporudi barabarani. Kama ilikuwa mbovu, itagawanyika: pete ya ndani na gololi zitaanguka, na pete ya nje itabaki ndani ya nyumba bila mahali pa kuishika. Sehemu kubwa ya beringi zinazosemekana haziwezi kutoka zimefikishwa hapo na pigo la kwanza.

Jambo la pili la kujua ni chuma chenyewe. Beringi nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 1 na kromu ya takriban asilimia 1.5, kilichopikwa na kupozwa hadi kikawa kigumu kuliko nyundo inayokipiga. Ugumu huo una gharama yake: chuma hicho hakipindi, huvunjika. Kikipigwa moja kwa moja kwa nyundo, vyuma viwili vigumu vinapokutana, kipande kidogo chenye makali huweza kuruka kwa kasi ambayo kope haziwezi kuiwahi. Miwani ya kazi ni ya bei ndogo na haina mbadala katika kazi hii, na watoto wanaopenda kuzunguka gereji waondolewe kabla nyundo haijainuliwa. Kati ya nyundo na beringi huwekwa chuma laini zaidi: kipande cha shaba, au bolti ya kawaida iliyokatwa kichwa. Gari nalo likae juu ya stendi au magogo imara, kwa kuwa kazi ya kugonga na kuvuta hulitikisa, na jeki peke yake haikuundwa kwa mtikisiko wa namna hiyo.

Kabla ya kugonga chochote, isomwe namba. Beringi nyingi huchorwa namba kwenye uso wa pete, na baada ya nusu saa ya grainda namba hiyo huenda isiwepo tena. Kwa beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho zikiwa 04 au zaidi huzidishwa kwa 5 kupata kipenyo cha tundu: 6205 ina tundu la milimita 25, na kwa nje ina milimita 52. Namba zilizo chini ya hapo zina utaratibu wake: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Mwenye namba hiyo kwenye karatasi huingia dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, akiwa na uhakika.

Dawa ya kutu huanza jioni, si asubuhi. Mafuta ya kupenyeza kutu, au dizeli pale ambapo mafuta hayo hayapatikani, hupakwa pande zote mbili za kiungo, chuma hugongwa taratibu ili mafuta yatambae, kisha gari huachwa usiku kucha. Hatua hii hurukwa kuliko zote kwa sababu mwenye gari amesimama anasubiri, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote.

Beringi rahisi kuliko nyingine ni ile ya rola zilizolala kimshazari, inayopatikana kwenye magurudumu ya mbele ya pikapu na magari mengi ya kazi. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, aliipatia hataza mwaka 1898, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Hujitenga vipande viwili: koni yenye rola, ambayo hutoka kwa mkono baada ya nati kufunguliwa, na kikombe, yaani pete ya nje, ambacho hubaki kimebanwa ndani ya habu. Ukichungulia ndani ya habu kutoka upande wa pili, mara nyingi utaona mapengo mawili yaliyochongwa yakitazamana. Yamewekwa kwa ajili ya kazi hii. Ponchi ya shaba hupitishwa hadi ikae kwenye ukingo wa kikombe kupitia pengo moja, hupigwa, kisha huhamishiwa pengo la pili. Pigo huku, pigo kule. Anayepiga upande mmoja mara nne tano mfululizo hukipindisha kikombe, nacho kikishakaa upande hujikaza na kukwangua nyumba. Sauti hueleza mengi: kikombe kinachosogea hutoa mlio mzito uliojaa, na kile kilichofika mwisho au kilichokwama hulia kwa ukali kama kengele.

Habu nyingine hazina mapengo, au ukingo wa kikombe umefichwa na bega la chuma. Hapo ndipo mashine ya kuchomelea inapoonyesha uwezo wake. Fundi huchora mstari wa weldingi kuzunguka uso wa ndani wa kikombe, pale zilipokuwa zinapita rola. Chuma kilichoyeyuka hujaribu kusinyaa kinapopoa, na kwa kuwa kimeshikamana na kikombe, hukivuta kikombe chote kuelekea katikati. Kipenyo cha nje hupungua kwa kiasi kidogo sana, lakini kilichokuwa kimekishika nacho ni kiasi kidogo vilevile. Kikombe kilichokuwa kikicheka nyundo huweza kudondoka chenyewe, au kutoka kwa pigo dogo la ponchi. Tahadhari ni tatu. Grisi ifutwe yote kwanza, kwani huwaka. Waya wa arthi ubanwe kwenye habu ileile inayochomelewa, ili umeme usitafute njia kupitia beringi nyingine na kuziunguza. Na habu iwe imetolewa kwenye gari. Kama haiwezi kutolewa, waya za betri zifunguliwe.

Kwenye magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mpangilio ni mwingine, na ndio unaowasumbua wengi. Beringi ni moja yenye safu mbili za gololi, imebanwa ndani ya chuma kinene kinachounganisha gurudumu na sospensheni, nayo habu imebanwa ndani ya beringi. Nati kubwa ya katikati hufunguliwa, na ekseli husukumwa nyuma. Ikigoma, nati hurudishwa hadi ilingane na mwisho wa ekseli ili kuzilinda nyuzi, kipande cha mbao ngumu au shaba huwekwa juu yake, ndipo hupigwa. Ekseli iliyopigwa uchi huvimba mdomo, na nati haiingii tena.

Kisha habu huvutwa. Kwa kuwa nguvu inayoitoa habu hupita kwenye gololi, beringi hugawanyika, na pete moja ya ndani hubaki kwenye shingo ya habu. Huu ndio mkwamo unaojulikana zaidi katika kazi ya beringi za magurudumu. Pete imekaa bapa dhidi ya bega la habu, haina nafasi nyuma yake ya kupitisha hata ncha ya bisibisi. Anayeilazimisha kwa tindo kutoka pembeni huichana shingo ya habu, na habu mpya ni ghali kuliko beringi yenyewe.

Njia salama ni kutumia udhaifu wa chuma kigumu. Habu hubanwa kwenye jiliwa. Diski nyembamba ya grainda huchora mfereji kwenye pete, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kwa mshazari kidogo, ukiingia takriban robo tatu ya unene wake. Haifai kupitiliza, kwa hiyo kila baada ya sekunde chache grainda huinuliwa na mfereji ukatazamwa. Cheche za chuma cha beringi na za habu hufanana, kwa hiyo anayetegemea cheche kujua alipofika atakata shingo ya habu. Kinachoaminika ni macho na mkono mwepesi. Mfereji ukishafika kina chake, tindo huwekwa ndani yake likiwa limesimama wima, na pigo moja zito hutolewa. Pete ikishaachia hutoa mlio mkavu wa kuvunjika, ufa huonekana kuanzia kwenye mfereji hadi mwisho, na pete iliyokuwa haisogei huzungushwa kwa vidole. Ikiwa pigo la kwanza halikuitika, mfereji uongezwe kina kidogo badala ya kuongeza nguvu ya nyundo. Baadhi ya ekseli za nyuma za pikapu zina kola ya chuma inayoizuia beringi isitembee, nayo hutolewa kwa njia hiyohiyo.

Pete ya nje iliyobaki ndani ya nyumba huweza kuchomelewa kama ilivyoelezwa, au kukatwa, lakini pale ambapo beringi bado ni nzima ndani ya nyumba yake kuna njia ya utulivu zaidi: bolti ndefu. Kwanza hutolewa klipu ya duara inayoishikilia beringi, ambayo ikisahaulika hakuna nguvu itakayofaa kitu. Upande mmoja wa nyumba huwekwa kipande cha bomba nene, chenye tundu kubwa kuliko kipenyo cha nje cha beringi, ili beringi iweze kuingia ndani yake. Upande wa pili huwekwa soketi kubwa au washa nene inayokaa juu ya pete ya nje, iliyo ndogo kidogo tu kuliko tundu la nyumba. Bolti hupita katikati ya vyote, nati hufungwa, na kila nati inapokazwa beringi husogea kuelekea kwenye bomba.

Nguvu inayopatikana ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Bolti ya milimita 16 yenye nyuzi zilizopakwa grisi, ikikazwa kwa spana ya sentimita 40 iliyobebeshwa mwishoni uzito wa kilo 25 hivi, huvuta kwa nguvu inayokaribia tani 3. Ndiyo maana bolti iwe ya chuma imara, iliyoandikwa 8.8 au zaidi kichwani, na washa ziwe nene. Bolti laini ya dirishani hurefuka, hukatika na kuruka. Ikikazwa hadi mwisho na beringi isisogee, nati huachwa katika mkazo huohuo na ukuta wa nyumba hugongwa kwa nyundo pande zote. Mkazo wa kudumu na mtikisiko wa ghafla vikikutana huvunja kutu ambayo kila kimoja peke yake kimeishindwa. Mara nyingi hutoka sauti kama ya risasi ndogo, na nati inalegea: beringi imeanza kutembea.

Wapo wanaofanya presi kwa jeki ya chupa chini ya chesi ya lori, uzito wa lori ukiwa ndio mkandamizo. Njia hiyo iachwe. Kipande kisichokaa sawasawa huchomoka, na anayekishika ameinama chini ya lori. Jeki ileile, ikifungwa ndani ya fremu ya chuma cha chaneli iliyochomelewa vizuri, ni presi halali, na mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, wanaweza kuiunda.

Joto nalo ni chombo, hasa nyumba ikiwa ya alumini, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Habu ya gurudumu la pikipiki ni mfano mzuri. Maji yanayochemka yakimiminwa juu yake kwa dakika kadhaa, tundu lenye kipenyo cha milimita 42 hupanuka kuliko beringi kwa karibu sehemu 3 za mia za milimita, nacho ndicho kiasi kilichokuwa kikibana. Maji hayawezi kupita nyuzi 100, kwa hiyo hayawezi kuharibu alumini wala rangi, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu mwali wa gesi. Gesi itumike kwa nyumba nzito za chuma, na ipashwe nyumba yote kwa kuzungushwa, si beringi. Sili za mpira zitolewe kwanza. Baadhi hutengenezwa kwa mpira ambao ukiungua hutoa sumu inayounguza ngozi na mapafu.

Katika gurudumu hilo la pikipiki, katikati ya beringi mbili kuna bomba linalozitenganisha. Kwa ponchi ndefu bomba husukumwa pembeni kidogo hadi ukingo wa pete ya ndani ya beringi ya upande wa pili uonekane, unene wa ukucha tu. Ponchi hukaa hapo, na pigo huzungushwa. Hapa nguvu hupita kwenye gololi bila budi, hivyo beringi iliyotolewa kwa njia hii haifai kurudishwa. Bomba lirudishwe: likikosekana, kukaza ekseli ya gurudumu hubana pete za ndani kuelekeana, na beringi mpya huungua baada ya safari chache za bodaboda.

Ziko beringi zilizokaa kwenye tundu lisilotoboka upande wa pili, kama ile ndogo iliyomo katikati ya flaiwili inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Haina pa kusukumwa kutoka nyuma. Lakini grisi inaweza kwenda nyuma yake. Tundu hushindiliwa grisi hadi lijae bila hewa, kisha kipande cha chuma kinachoenea tundu la beringi barabara, chenye ncha bapa, huingizwa na kupigwa nyundo. Grisi haibanwi ikapungua. Mkandamizo husambaa sawasawa pande zote, husukuma mgongo wa beringi, na beringi hupanda kidogo kwa kila pigo. Grisi ikivujia pembeni, hutumiwa karatasi iliyoloweshwa au mkate, ambao hushindiliwa kama grisi na hauvuji kwa urahisi. Kabla ya kufunga, tundu lisafishwe hadi chuma kiwe kikavu, kwa sababu mabaki yoyote yakirushwa kwenye klachi yataifanya iteleze.

Kwa ekseli ya nyuma isiyotaka kuchomoka na beringi yake, dramu ya breki huweza kuwa nyundo ya kuvutia. Hugeuzwa, mgongo wake ukatazama ndani, na hufungwa kwa nati za gurudumu zilizoachwa zimelegea sentimita mbili tatu. Mikono miwili huivuta kwa nguvu ghafla. Uzito wa dramu hukimbia nafasi hiyo ndogo na kugonga nati, na ekseli huvutwa bila hata nyundo kuinuliwa. Kwa magari mapya yenye beringi na habu za kipande kimoja kilichofungwa kwa bolti nne kutoka nyuma, bolti hulegezwa kwa takriban sentimita moja, kisha vichwa vyake hugongwa kwa zamu kwa msalaba.

Beringi ikishatoka, nyumba yake hukaguliwa kabla ya mpya kufunguliwa kwenye karatasi yake. Kutu huondolewa kwa msasa laini, bila kula chuma. Mikwaruzo midogo inayosimama husawazishwa kwa tupa ndogo. Ile iliyozama haina madhara. Beringi mpya ikilazwa usiku kucha kwenye jokofu la kugandisha, ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa ili isipate unyevu, hupungua kiasi cha kurahisisha kuiingiza, na pete iliyokatwa ya ile ya zamani hufaa sana kusukumia ya nje. Magari yenye breki za ABS hudai uangalifu mmoja zaidi: mara nyingi upande mmoja wa beringi una sumaku inayosomwa na sensa, nao lazima utazame sensa. Upande huo hujulikana kwa kusogeza pini nyepesi karibu yake. Pini ikivutwa, ndio wenyewe, na nyundo isiuguse.

Ikiwa beringi mpya inaingia kwa kidole, nyumba imeliwa. Ni kawaida kuona tundu kama hilo likitobolewa vidoti kwa ponchi ili livimbe na kubana, au pete ikizungushiwa karatasi ya bati. Vidoti hushika kwa ncha zake tu, hulainika ndani ya muda mfupi, na pete huanza kuzunguka ndani ya chuma kinachobeba gurudumu na usukani. Nyumba ya namna hiyo hupelekwa kwa mkereza vyuma, ambaye hulipanua tundu, hubana ndani yake bomba jipya la chuma na kulikereza hadi kipimo cha beringi. Na pale ukuta wake unapokuwa mwembamba mno au una ufa, hubadilishwa nzima.